Ulichomimina Sicho Ulichovuta

Hoja yenyewe ni tamu masikioni, ndiyo maana imeenea. Sigara, wanasema, inaua kwa sababu inaungua: kuna moshi, kuna lami, kuna kaboni monoksaidi. Vepu haichomi kitu. Inapasha kimiminika moto kikawa mvuke. Juisi za dukani ni ghali, na nani ajuaye kiwanda cha ng'ambo kimetia nini ndani? Basi jitengenezee. Tafuta glisarini ya mimea, propilini glaikoli, nikotini iliyokolea na chupa chache za ladha. Tafuta mzani mdogo kama wa sonara na bomba la sindano. Changanya, tikisa, laza kabatini wiki mbili tatu mpaka ladha zishikane. Utapata juisi ya embe, ya keki, ya stroberi na maziwa, kwa sehemu ndogo ya bei ya duka. Na zaidi ya yote utajua unachovuta, maana umekiweka kwa mkono wako.

Sitaipunguza makali hoja hiyo ili niishinde kirahisi. Nyuma yake wamo watu wazito. Mwaka 2015 Public Health England, idara ya afya ya umma ya Uingereza wakati huo, ilitangaza kwamba madhara ya vepu ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko ya sigara. Mapitio ya tafiti za afya ya Cochrane, ambayo hayaandikwi na wauza ladha, yanaonyesha kwamba wavutaji wanaopewa vepu zenye nikotini hufaulu zaidi kuacha sigara kuliko wanaopewa viraka au chingamu za nikotini. Kwa mtu wa Leeds, Uingereza, anayemaliza pakiti nzima kila siku, hayo ni maneno ya maana.

Lakini Busasamana si Leeds. Huku ni pembeni mwa wilaya ya Rubavu, Rwanda, ardhi ya volkano inayootesha viazi, ambako mpaka wa Kabuhanga ndio unaotutenga na Kibumba ya Kongo. Vijana wanaoipandisha hoja hii kutoka Gisenyi mjini na Goma hawana pakiti ya kila siku ya kuacha. Wengi wao hawajawahi kuwa na sigara ya kuacha. Wameichukua dawa ya mgonjwa wa Leeds, wakaitoa kwenye kopo lake, wakatupa karatasi ya maelekezo, na sasa wanaipika jikoni kwa ajili ya watu wazima wa afya. Tuipitie hoja yao kipande kwa kipande.

1. "Najua kilichomo, nimekiweka mwenyewe"

Unachokijua ni maandishi ya kwenye chupa nne. Angalia jinsi mantiki inavyojipinda hapa: mtu hamwamini mwenye kiwanda cha juisi, kwa hiyo anakwenda kununua glisarini ya kiwanda, propilini glaikoli ya kiwanda, nikotini ya kiwanda na ladha ya kiwanda. Amemkimbia mtengenezaji mmoja akaangukia wanne. Mara nyingi chupa hizo zimefika mikononi mwake baada ya muuzaji wa katikati kuzigawa kutoka kwenye galoni, zikiwa na karatasi iliyochapwa kwa kompyuta ya nyumbani na bila namba ya toleo.

Glisarini na propilini glaikoli ni vimiminika vizito, visivyo na rangi, vyenye utamu kidogo. Daietilini glaikoli na ethilini glaikoli, vinavyotumika viwandani na kwenye maji ya kupoza injini, navyo ni vimiminika vizito, visivyo na rangi, vyenye utamu. Ni vya bei rahisi zaidi, kwa hiyo wachakachuaji wanavipenda. Vipange vyote mezani mbele ya mchanganyaji mwenye pua kali kuliko wote wa Rubavu, hatavitenganisha. Figo ndizo zitakazovitenganisha.

Hili si jambo la kutungwa ili kutisha watoto. Mwaka 2022 nchini Gambia walikufa watoto wapatao 70, wengi wao chini ya miaka mitano, baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizokuwa na sumu hizo mbili. Na lisije likaonekana jambo la Afrika Magharibi peke yake: Aprili 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Rwanda, Rwanda FDA, iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, liondolewe madukani. Kenya na Tanzania zilifanya vivyo hivyo. Maabara ya serikali ya Nigeria ilikuwa imetangaza kwamba imekuta daietilini glaikoli ndani yake. Kampuni yenye dawa hiyo ikajibu kwamba vipimo vyake yenyewe havikuona kitu. Zingatia hapo. Dawa yenye namba ya toleo, iliyopita forodha na kusajiliwa, ilizifanya maabara mbili zenye mashine za mamilioni zitofautiane juu ya kilichomo. Mchanganyaji wa nyumbani hatofautiani na mtu yeyote. Hana maabara ya kutofautiana nayo.

Na mwaka 2009 wakaguzi wa Marekani walipopima katriji 18 za vepu, katika moja walikuta daietilini glaikoli. Kilichomo alikijua nani?

2. "Ladha hizi zinaliwa, kwa hiyo ni salama"

Hapa ndipo hoja inapojivika joho la daktari. Ladha ya vanila inatiwa kwenye keki, keki inaliwa na watoto, basi kuivuta kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba keki inakwenda tumboni. Tumbo lina asidi, lina ini nyuma yake, lina njia mbili za kutoa lisichokitaka. Pafu lina utando mwembamba uliotengenezwa kupitisha hewa, na kinachoingia humo hakipiti kwa mlinzi yeyote kabla ya kufika kwenye damu. Chama cha watengenezaji wa ladha cha Marekani, FEMA, ambacho kingefaidika sana kusema kinyume, kimesema wazi kwamba uamuzi wake wa usalama wa ladha unahusu chakula, hauhusu kuvuta.

Mfano wenyewe ni daiasetili, kemikali inayoipa siagi harufu yake. Kuila hakujamuua mtu. Mwaka 2000 huko Jasper, Missouri, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi walibainika kuwa na ugonjwa wa vijia vidogo vya hewa kuzibwa na makovu, ugonjwa usiorudi nyuma. Walikuwa wakivuta mvuke wa ladha ya siagi kazini. Baadhi yao waliandikishwa kwenye orodha ya kusubiri pafu la mtu mwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima ladha 51 za vepu. Katika 39 walikuta daiasetili. Mchanganyaji anayetafuta juisi ya "keki ya siagi" anakwenda kwenye ladha hiyohiyo kwa miguu yake, na anailipia.

Halafu kuna ubunifu, ambao katika upishi ni sifa. Mwaka 2019 wachanganyaji wa vichochoroni huko Marekani waliona mafuta ya bangi ya vepu yanakuwa mepesi wakiyazimua, wateja wakashtuka. Wakatafuta kitu kizito, kisafi, kisicho na harufu. Wakakipata: asetati ya vitamini E, inayouzwa kama kirutubisho na kupakwa usoni. Vitamini! Kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa hospitali au kufa kwa majeraha ya mapafu yaliyohusishwa na vepu, na kati yao waliokufa walikuwa 68. Watetezi wa vepu watakimbilia kusema kwamba ile ilikuwa bangi, si nikotini. Ni kweli, na nimesema hivyo. Lakini kosa halikuwa bangi. Kosa lilikuwa mtu mwenye chupa, mwenye nia ya kuboresha, anayeamini kwamba kinachomezwa kwa usalama kinavutwa kwa usalama. Huyo tunamfahamu; ndiye anayepewa somo la kwanza la kuchanganya. Kesho atakosa ladha ya limau na kumimina mafuta ya limau ya kunukia, nayo mafuta yakifika kwenye pafu hayajui njia ya kutoka.

3. "Ilaze, itaiva"

Hili ndilo fundisho wanalolipenda kuliko yote, maana linafanana na hekima. Juisi mpya, wanasema, ina ukali. Iweke gizani, ifungue kila siku chache ipumue, wenye haraka waichovye kwenye maji ya moto. Baada ya wiki kadhaa itageuka rangi ya chai na ukali utakwisha. Rangi ikikolea, wanapongezana.

Rangi ile ni nini? Sehemu yake ni nikotini inayoshikana na oksijeni na kuharibika. Sehemu nyingine, hasa kwenye juisi za vanila na keki, inatokana na vanilini. Yaani wanachokipiga picha kama ushahidi wa kuiva ni, kwa kiasi fulani, ushahidi wa kuchacha.

Lakini jambo zito zaidi halionekani kwa macho. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walichapisha utafiti wa kile kinachotokea ladha inapokaa ndani ya propilini glaikoli. Vanilini, benzaldehidi ya cheri na sinamaldehidi ya mdalasini hazikai zikisubiri. Zinaungana na propilini glaikoli na kuzaa kemikali mpya, asetali, ambazo hazikutiwa na mtu na hazimo kwenye lebo yoyote. Nyingi ya kemikali hizo hustahimili joto la vepu, zikaingia kwenye mvuke, na zinawasha mishipa ya fahamu ya koo na njia ya hewa kuliko hata ladha zilizozizaa.

Sasa rudi kwenye sentensi ile ya kwanza: najua kilichomo. Siku ya kumimina, tuseme ulijua. Wiki tatu za kulaza ndizo hasa wiki za kutengeneza usichokijua. Fundi wa kuchanganya ana imani mbili na zote anazishika kwa nguvu: kwamba usalama wa juisi yake unatokana na orodha fupi ya viungo, na kwamba ubora wake unatokana na viungo hivyo kubadilika vikawa kitu kingine. Achague moja. Kama havibadiliki, analaza nini? Kama vinabadilika, orodha yake ni ya juisi ambayo haipo tena.

Na hapo bado hatujawasha koili, ule waya wa vepu unaopasha juisi moto. Koili ikipata moto kuliko kawaida, au utambi ukikauka, glisarini na propilini glaikoli zenyewe huvunjika na kutoa fomaldehidi. Sukari, ambayo kila mgeni wa kazi hii hushawishika kuijaribu angalau mara moja, inaungua na kuganda juu ya waya. "Hakuna kinachoungua" ni maelezo ya kifaa kipya mikononi mwa mtu makini. Si maelezo ya kifaa cha mkono wa pili kinachopokezanwa na vijana watano.

4. "Ni hesabu ndogo tu"

Ni ndogo kweli, na udogo wake ndio hatari. Chukua kichocheo cha kawaida cha mwanafunzi: mililita 30 za juisi yenye miligramu 6 za nikotini kwa mililita, kutoka kwenye nikotini iliyokolea ya miligramu 100 kwa mililita. Unahitaji mililita 1.8. Nukta ikikuponyoka ukasoma 18, umetengeneza juisi ya miligramu 60 kwa mililita, mara tatu ya kiwango cha juu ambacho Umoja wa Ulaya unaruhusu kuuzwa. Hakuna rangi itakayokuonya, na ladha ya embe itaficha mengi.

Wakulima wa Busasamana wanajua kitu kuhusu vipimo. Hakuna anayelima viazi huku bila kubeba bomba la kunyunyizia mgongoni, na kila msimu mabwana shamba hurudia wimbo uleule: vaa glavu, ziba pua, usipime dawa kwa kijiko cha nyumbani, usimimine dawa kwenye chupa ya soda. Sasa, nikotini ni nini? Kabla ya kuwa ladha ya embe ilikuwa dawa ya wadudu. Kwa miaka mingi nikotini salfeti ya asilimia 40 iliuzwa Marekani kwa jina la Black Leaf 40 kuulia wadudu wa mimea. Hupenya ngozi pia: wavunaji wa tumbaku wakishika majani yenye umande huanza kutapika na kizunguzungu bila kuvuta hata mara moja. Inashangaza basi kumwona kijana ambaye baba yake hukemewa kwa kupima dawa ya viazi bila glavu, akifundishwa kupima dawa nyingine ya wadudu kwenye meza ya kulia chakula, halafu akaambiwa huo ni ufundi.

Watasema vifo vya nikotini vimetiwa chumvi. Kwa miaka mingi vitabu vilirudia kwamba miligramu 60 zinatosha kumuua mtu mzima, mpaka Bernd Mayer wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, alipoonyesha mwaka 2014 kwamba namba hiyo ilitokana na majaribio ya karne ya 19 na kwamba kipimo cha kuua kwa kumeza kiko karibu na nusu gramu hadi gramu nzima. Sawa, tuchukue hesabu ya Mayer. Chupa ya lita moja ya nikotini ya miligramu 100, ambayo washauri wa kuchanganya husifu kuinunua kwa wingi kwa sababu ya bei, ina gramu 100. Kwa nusu gramu kwa kichwa, hiyo ni watu wazima 200. Iko kwenye kabati, karibu na chumvi.

Na mtoto si mtu mzima. Desemba 2014, mji wa Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kumeza nikotini ya maji ya vepu. Mwanzoni mwa 2016 Marekani ikapitisha sheria kwamba chupa zote za nikotini hiyo ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Mchanganyaji wetu anatumia chupa tupu aliyoipata, yenye harufu ya stroberi na maziwa.

5. "Ni nafuu, na inasaidia kuacha"

Hapa nitapita haraka, maana hoja hizi mbili zinauana zenyewe. Kama lengo ni kuacha, unafuu ni adui: bei ya duka ndiyo breki ya mwisho iliyobaki kwa mtu aliyeshikwa na nikotini. Ukishakuwa na lita kabatini hakuna pakiti ya kumaliza, hakuna salio la kuhesabu, hakuna asubuhi ya kusema leo sinunui. Kama lengo si kuacha, kauli ya kuacha ilikuwa inafanya nini kwenye mazungumzo? Bibi kizee anayevuta kiko chake kilimani hajaulizwa na mtu kama anapendelea ladha ya embe. Ladha ya embe haikutungwa kwa ajili yake.

6. "Hata Waingereza wameikubali"

Wamekubali nini? Asilimia 95 ile ilitegemea sana maoni ya jopo la wataalamu waliokaa na kugawa alama, na ilihusu bidhaa za sokoni kwao. Bidhaa hizo, kwa kanuni za Ulaya za mwaka 2014 ambazo Uingereza ilizifuata, zinatakiwa zisizidi miligramu 20 za nikotini kwa mililita, ziuzwe kwenye chupa zisizozidi mililita 10, ziwe na vifuniko vya kuzuia watoto, viungo vyake viandikishwe serikalini kabla ya kuuzwa, na zisitiwe vitamini. Ndiyo, vitamini, wakati ile vitamini E inaua Marekani, Ulaya ilikuwa imeshaifungia mlango miaka mitano nyuma.

Mchanganyaji wa nyumbani anajivunia kukwepa kila kimoja kati ya hivyo: kiwango, ukubwa wa chupa, kifuniko, uandikishaji, orodha ya marufuku. Akishavikwepa vyote anakuja kwetu na asilimia 95 mkononi. Hiyo ni namba ya mtu mwingine, kuhusu chupa nyingine.

Wimbo huu pia tulishausikia. Shisha ilipoingia kwenye mikahawa ya Afrika Mashariki tuliambiwa si sigara, ni matunda, na maji yanachuja moshi. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016. Rwanda na Kenya zilifuata Desemba 2017. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, haikusubiri wimbo uimbwe mara ya pili: ilizuia shisha, tumbaku yenye ladha na sigara za kielektroniki kwa pamoja. Waliofunga mabuli yao ya shisha ndio, nadhani, walioisikiliza kwa hamu kubwa habari ya mvuke.

7. Gharama ambayo haimo kwenye kichocheo

Mtetezi atabaki na kauli moja: ni mwili wangu. Lakini sumu ikimezwa na mdogo wake, mwili si wake. Mtoto ataletwa kituo cha afya akiwa anatokwa mate na jasho, anatapika, labda anatetemeka. Muuguzi anayefanya kazi kwenye nchi ya viazi ataifikiria kwanza dawa ya wadudu ya shambani, kwa sababu dalili zinafanana na kwa sababu ndiyo anayoiona. Nikotini haina dawa yake maalumu ya kuiondoa mwilini. Kuna kumsaidia mgonjwa apumue, kuzuia degedege, na kushuka naye hospitali ya Gisenyi. Kila dakika atakayoiokoa muuguzi itategemea jibu la swali moja, na ataliuliza kwa sauti: chupa ilikuwa na nini, na kiasi gani?

Na yule aliyejenga hoja yake yote juu ya kujua kilichomo atajibu: embe.